Mbwa mgeni akisusia chakula: Cha kumlisha na cha kumpa atafune

NI jambo linalozidi kuwa la kawaida katika miji ya humu nchini. Familia hufunga safari siku ya Jumamosi hadi kwenye kituo cha kuwahifadhi wanyama waliotelekezwa, kisha ikarejea nyumbani na mbwa ambaye hakuna ajuaye alikozaliwa wala alichokuwa akila. Watoto humpokea kwa shangwe na vifijo. Mmoja wa wazazi hukimbia buchani, mwingine akatafuta sufuria kuukuu, na kabla ya jua kuchwa mgeni huwa amewekewa mlima wa ugali na nyama.

Mgeni hunusa mara moja, akageuza uso na kwenda kujikunyata nyuma ya tangi la maji.

Kesho yake hujaribiwa kwa maziwa, akajaribiwa kwa mayai, akarushiwa soseji. Vyote hivyo huishia kuliwa na paka wa jirani. Siku ya tatu ndipo mbwa hufungua kinywa, lakini alacho si chakula bali ni kiatu cha mwenye nyumba, tena kile kipya. Hapo lawama huanza: kwamba ana maringo, kwamba alizoea majaa na hajui kula vizuri, kwamba heri arudishwe alikotoka.

Ukweli ni kwamba kususia chakula na kutafuna viatu ni mambo yenye chanzo kinachoeleweka, na dawa yake hupatikana katika soko na bucha zetu wenyewe bila gharama kubwa. Hata hivyo, katika soko na bucha hizo hizo mna vitu ambavyo Wakenya wengi huviita "chakula cha mbwa" kwa sababu tu binadamu amevikataa. Humo ndimo ilimo hatari, na si kwa mbwa peke yake.

Mbwa hula kwa pua kwanza, ulimi baadaye. Ulimi wake una vionjaladha vipatavyo 1,700 pekee ilhali wa binadamu una takriban 9,000. Pua yake, kwa upande mwingine, ina chembe za kunusia zaidi ya milioni 200. Kwa pua ya namna hiyo nyumba mpya ni makelele matupu: sabuni ya sakafu, moshi wa jiko, jasho la watu asiowajua, mbwa wa pili upande wa pili wa ua. Mnyama akiwa katika hofu, hamu ya kula humtoka na tumbo lenyewe huvurugika. Methali isemayo mgeni siku ya tatu apewe jembe haimfai kiumbe huyu. Siku tatu za mwanzo huwa ni za kuduwaa tu, na wengi huchukua majuma matatu hivi kabla ya kuzoea ratiba ya nyumba, na miezi kadhaa kabla ya kujiona wenyeji.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ambalo mfugaji anafaa kuuliza kituoni si la umri wala la jamii ya mbwa, bali ni hili: huyu alikuwa akila nini, na saa ngapi? Vituo kama vile cha shirika la KSPCA mtaani Karen, Nairobi, huwapa mbwa chakula cha aina moja kwa saa maalumu, na wahudumu huweza kueleza ni kipi. Mbwa aendelee kupewa chakula hicho hicho kwa siku tatu au nne za mwanzo hata kama mwenyeji wake anakiona duni. Baada ya hapo, kipya kichanganywe kidogo kidogo: robo ya kipya kwa robo tatu za cha zamani, kisha nusu kwa nusu, hadi siku ya saba au ya kumi ndipo cha zamani kiondolewe kabisa. Anayebadilisha chakula kwa siku moja atavuna kuhara, na kuhara huko husingiziwa nyama au maziwa ilhali kosa ni haraka.

Chombo kiwekwe pembeni, mahali pasipopitwa na watu, nao watoto waketi mbali. Kumsimamia mbwa na kumbembeleza ale humzidishia hofu. Akikataa, chakula kiondolewe baada ya dakika 20 bila maneno, kirejeshwe saa ya mlo unaofuata. Maji safi yasikosekane kamwe.

Yuko mbwa wa aina nyingine ambaye tatizo lake ni kinyume cha hili, naye ni yule aliyeokotwa akiwa mifupa mitupu. Huyu hufakamia chochote, na huruma ya mwenyeji huweza kumuua. Mwili ulioshinda njaa kwa majuma mengi ukipewa shibe ya ghafla, madini katika damu hushuka na moyo huweza kusimama. Mbwa aliyekonda kupita kiasi apewe milo midogo mara nne kwa siku, kiasi kikiongezwa polepole kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

Subira nayo ina mpaka wake. Mbwa mzima asiyegusa chakula kwa siku mbili anafaa kupelekwa kwa daktari. Mtoto wa mbwa asisubiriwe hata siku moja. Homa zinazoenezwa na kupe ni nyingi humu nchini, na dalili yake ya mapema aghalabu ni hiyo hiyo ya kukosa hamu ya kula, ikifuatwa na joto jingi mwilini na ufizi uliopauka. Kwa watoto wa mbwa wasiochanjwa, kutapika na kuhara damu ni ishara ya ugonjwa wa parvo, ambao huua kwa muda mfupi.

Ipo dalili moja ambayo kila mtu wa nyumbani, mtumishi na mtoto wakiwamo, anafaa kuelezwa. Mbwa anayetokwa na udenda, anayeshindwa kumeza, ambaye taya limelegea na sauti imebadilika, huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa kooni. Wema humsukuma mtu kutia mkono kinywani autoe. Asithubutu! Hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyojitokeza mara nyingine, na mate yale yakiingia katika kidonda au mkwaruzo huwa ni hatari ya kifo. Aliyeumwa au aliyeguswa na mate hayo kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku iyo hiyo kupata chanjo. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuangamiza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni kuwachanja mbwa. Mbwa mgeni asiye na cheti cha chanjo achanjwe kabla ya jambo jingine lolote.

Mgeni akiwa mzima na ameanza kutulia, kazi ya kutafuta kinachompendeza huwa ya kufurahisha, na watoto wanaweza kushirikishwa. Vipande vidogo vya vyakula vitatu au vinne, kila kimoja si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, huwekwa sakafuni kwa mstari. Kile anachokimbilia kwanza leo, na akakikimbilia kwanza tena kesho mpangilio ukiwa umebadilishwa, ndicho chake. Lakini kinapofika wakati wa kukiingiza katika mlo wake, kiwe kimoja kwa siku mbili tatu ili tumbo likikataa ijulikane ni kipi.

Katika majaribio ya namna hii, ni vyakula vichache vinavyoshinda omena. Harufu yake kali, ambayo wengine huikimbia, kwa mbwa ni manukato. Isitoshe, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake midogo, samaki huyu humpa mbwa madini ya chokaa ambayo nyama na ugali havina ya kutosha. Hata hivyo, omena huanikwa juani na mara nyingi huwa na mchanga, hivyo ioshwe mara kadhaa kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuchemshwa. Ile inayouzwa kwa ajili ya vyakula vya kuku isinunuliwe kwa kuwa ni rahisi tu. Nyingi huwa imeoza au imejaa makombe.

Pafu la ng'ombe huja la pili. Bei yake ni nafuu, halina mafuta mengi, na likichemshwa na kukatwa vipande likaushwe kwa moto mdogo huwa zawadi kavu isiyochafua mfuko, ambayo mbwa hufanya lolote ili aipate. Wengu na moyo pia hupendwa. Maini hupendwa kupita vyote, lakini yana vitamini A kwa wingi mno, kwa hivyo yawe kionjo tu mara moja au mbili kwa wiki. Miguu ya kuku ikichemshwa kwa saa kadhaa hutoa supu nzito inayoganda kama jeli. Mifupa ikichujwa yote na kutupwa, kijiko kimoja cha supu hiyo juu ya chakula kilichopoa huweza kumrejesha mbwa aliyekuwa ameondoka. Supu hiyo isiwe na chumvi, vitunguu wala viungo vya pakiti. Aidha chakula kiwe cha vuguvugu kama mwili wa mbwa mwenyewe, kwa maana chakula cha baridi hakitoi harufu, na kisichotoa harufu kwake ni kama hakipo.

Je, ugali? Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa ni mbwamwitu na hafai kulishwa nafaka. Utafiti uliochapishwa na wanasayansi wa Sweden katika jarida la Nature mwaka 2013 ulionyesha vinginevyo. Mbwa ana nakala nyingi za jeni inayomwezesha kusaga wanga tumboni, ilhali mbwamwitu ana mbili tu. Maelfu ya miaka ya kuishi na wakulima yalimbadilisha mwili. Ugali, wali na viazi vitamu vilivyochemshwa ni chakula halali kwake, mradi visiwe chakula pekee. Kwa mbwa mzima wa kilo 20 asiye na kazi nzito, kadirio la siku linaweza kuwa gramu 120 za unga mkavu uliopikwa, robo kilo ya nyama au pafu, kiganja cha omena, mboga kama vile karoti au boga, na kijiko cha mafuta ya kupikia, vikigawanywa katika milo miwili. Akinenepa kipunguzwe, akikonda kiongezwe. Nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini huongeza chokaa. Watoto wa mbwa ni habari nyingine: anayelelewa kwa nyama tupu hupinda miguu, na lishe yao inahitaji ushauri wa daktari. Hata mbwa mzima anayelishwa cha nyumbani mwaka mzima huhitaji nyongeza ya madini na vitamini ambayo daktari huweza kuichagua.

Suala zito kuhusu ugali si kama mbwa anaweza kuusaga tumboni. Ni mahindi yaliyousonga.

Mahindi yanapoota ukungu ghalani, yakabadilika rangi na kukataliwa na wenye nyumba, ni nadra kutupwa. Hutengwa. Husemwa kwamba haya ni ya mifugo, haya ni ya mbwa. Sauti ya anayesema hivyo huwa ya mtu mwenye busara asiyetaka kupoteza kitu. Lakini ukungu huo huweza kuwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambayo hutengeneza sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuoshwa, kwa kusagwa wala kwa kuchemshwa. Ugali uliopikwa kwa mahindi hayo ukaiva vizuri unabaki na sumu yake.

Wakenya wanaijua sumu hii kwa uchungu. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za Machakos kwa maradhi ya ini yaliyotokana nayo, na 12 wakafariki. Mwaka 2004 ilirejea kwa kishindo katika sehemu za Ukambani, hasa Makueni na Kitui: watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafa. Kuhusu mbwa, ushahidi ni wa zamani vilevile. Katika mkasa uliotokea magharibi mwa India mwaka 1974, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan, mbwa wa vijiji vile waliokula mahindi yale waliugua kwa dalili zile zile za wenyeji wao, macho kuwa ya manjano na tumbo kujaa maji. Mwishoni mwa mwaka 2005 makumi ya mbwa walikufa nchini Marekani baada ya kula chakula cha madukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ikiwa kiwanda chenye maabara kiliteleza, mtu anayechagua kwa macho tu sokoni atajilinda vipi?

Ini la mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumukuvu. Akila nyingi kwa wakati mmoja, hutapika, huhara damu, ufizi na weupe wa macho hugeuka manjano, na kifo hufuata. Akila kidogo kidogo kwa miezi, hakuna kinachoonekana hadi ini limeharibika. Na dalili ya kwanza kabisa, jambo ambalo linafaa kumfikirisha mwenye nyumba anayelalamikia mbwa mwenye maringo, ni kukataa chakula.

Kwa hivyo unga wa mbwa uwe ule ule unaoliwa mezani. Bajeti isiporuhusu, ni afadhali apewe ugali mdogo ulio safi kuliko mlima wa ulioharibika, au anunuliwe chenga za mchele zilizo kavu, ambazo ni rahisi kuliko mchele mzima. Mabaki ya ugali au mkate yaliyoota ukungu yasimfikie. Wanaonunua chakula kikavu cha viwandani wachague mifuko iliyofungwa na kuangalia tarehe. Kile kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi dukani hakina anayejua kilifunguliwa lini, na msimu wa mvua unyevu huingia humo pia.

Jambo la pili linahusu machinjio. Ini au pafu la mbuzi, kondoo au ng'ombe likikutwa na vifuko vilivyojaa maji, mkaguzi wa nyama hulikataa. Katika vichinjio vya vijijini na wakati wa sherehe ambapo hakuna mkaguzi, kipande hicho hurushiwa mbwa kikiwa kibichi. Katika vifuko hivyo mna vilui vya minyoo midogo ambayo hukomaa katika utumbo wa mbwa bila kumdhuru sana. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika manyoya, yakamfikia mtoto anayemkumbatia na kula bila kunawa mikono. Ndani ya mwili wa mtoto huyo kifuko huanza kukua katika ini au pafu, polepole, kwa miaka, hadi kikahitaji upasuaji. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa zaidi duniani, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kupambana na ugonjwa huo uliohusisha kuwatibu mbwa minyoo na kuwaelimisha wafugaji.

Kinga yake ni rahisi ajabu. Kiungo chenye vifuko kizikwe au kichomwe. Nyama nyingine ya ndani ichemshwe hadi iive kabisa kabla ya mbwa kuionja. Naye mbwa mgeni, ambaye maisha yake ya awali hayajulikani, apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli siku za mwanzo mwanzo, na arudiwe kama daktari atakavyoagiza.

Vyakula vya mezani vyenye kumdhuru mbwa ni vichache na ni rahisi kukumbuka. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembechembe nyekundu za damu. Kwa hivyo mchuzi wa nyumbani si wake. Zabibu huweza kuua figo. Chokoleti huvuruga moyo. Makadamia, ambayo kwa wakulima wa Murang'a, Kirinyaga na Embu yamejaa uani, humlegeza mbwa miguu ya nyuma na kumtetemesha kwa siku moja au mbili. Siagi ya karanga hupendwa mno na haina neno, lakini kibandiko kisomwe kwanza: sukari mbadala iitwayo zailitoli, iliyomo pia katika ubani usio na sukari, humshusha mbwa sukari ya damu kwa dakika chache. Kokwa la embe na la parachichi hukwama tumboni. Maziwa huwaharisha wengi.

Sasa kiatu.

Mbwa hutafuna kwa sababu kutafuna humtuliza. Mtoto wa mbwa hung'oka meno 28 ya utoto na kuota 42 ya ukubwani kati ya miezi minne na sita au saba, na ufizi humwasha muda wote huo. Mbwa mzima aliyehamishwa makazi hutafuna kwa wasiwasi, hasa akiachwa peke yake. Kumchapa baada ya kiatu kuharibika hakumfundishi kitu ila kumwogopa mwenye fimbo. Anachohitaji ni kitu chake cha kutafuna, na hapa ndipo ukarimu wa Mkenya humponza mnyama.

Mifupa ya nyama choma ndiyo zawadi inayotolewa kwa moyo mweupe zaidi, nayo ndiyo mbaya. Mfupa uliochomwa au kupikwa hupoteza ulaini wake, na ukivunjwa hutoa vibanzi vyenye ncha vinavyoweza kutoboa koo au utumbo. Ya kuku ni mibaya zaidi. Gunzi la mahindi choma nalo huonekana halina hatia. Humezwa vipande, halisagiki, likaziba utumbo hadi mbwa apasuliwe. Vipande vya tairi kuukuu vina nyaya ndani. Ngozi ya fundi viatu imepitia kemikali za kiwandani. Na yule anayempa mbwa kiatu kilichochakaa ili acheze nacho, akidhani amefanya hesabu nzuri, amemfundisha kwamba viatu huliwa. Mbwa hawezi kutofautisha cha mwaka juzi na cha jana.

Pembe, kwato na mifupa mikubwa ya mguu wa ng'ombe hupendwa sana na huuzwa hata katika maduka ya wanyama, lakini ni migumu kupita jino. Gego kubwa la juu, lile ambalo mbwa hulitumia kupasulia, ndilo huvunjika, na maumivu yake humfanya asusie chakula upya. Kipimo ni chepesi: kitu cha kutafuna kikibanwa kwa ukucha wa kidole gumba kiache alama. Kisipoacha, ni kigumu mno. Aidha kiwe kikubwa kuliko kinywa cha mbwa ili asikimeze kizima.

Vinavyofaa vipo. Mwenye bucha akiombwa mapema hutenga koromeo la ng'ombe, ambalo huchemshwa kwa muda mfupi kisha likakaushwa juani chini ya wavu au katika jiko la moto mdogo hadi likakamae. Masikio ya ng'ombe hutayarishwa vivyo hivyo. Karoti nzima iliyotoka kwenye friji humfaa mtoto wa mbwa mwenye ufizi unaowasha, na kitambaa safi kilicholowekwa katika supu na kugandishwa humfaa hata zaidi, mradi mtu awepo kukichukua kikianza kuchanika. Mpira mgumu wenye tundu, uliotengenezwa mahsusi kwa mbwa, ndio ununuzi mmoja wa dukani unaostahili fedha zake. Hushindiliwa ugali laini uliochanganywa na omena iliyopondwa, ukagandishwa usiku kucha, na asubuhi watu wanapoondoka kwenda kazini mbwa huachiwa kazi yake naye. Ulambaji wa saa nzima humchosha kuliko matembezi.

Vitu vya kutafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, na vile vinavyolika asiachiwe bila mtu kuwa karibu. Wakati wa kumnyang'anya ndio wenye hatari ya kuumwa, hasa kwa mbwa aliyewahi kulala njaa, kwani huyo huamini kila kinachochukuliwa hakirudi. Asinyang'anywe. Hupelekewa kipande cha pafu karibu na pua, naye akiachia kile cha kwanza ili ale cha pili, cha kwanza huokotwa taratibu, na mara nyingine akarejeshewa papo hapo ili ajue kwamba kuachia si kupoteza. Watoto wasiachiwe kazi hiyo.

Mbwa anayepewa kitu chake kila jioni kwa saa ile ile huanza mwenyewe kuketi mlangoni kukisubiri, kwa kawaida kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Viatu navyo, kwa kipindi hicho, vikae kabatini.